Kilo Nne Zilizomtoroka Msimamizi

Kwako Dada,

Salamu nyingi, na natumai wewe, shemeji na wapwa zangu hamjambo. Sisi huku wazima. Baba anakohoa kidogo lakini kula anakula kwa bidii. Baada ya hayo, natangaza kwa taadhima kuu kwamba Jumanne, saa nne asubuhi, kilo nne zilimtoroka Msimamizi wa ghala tumboni mwake, mchana kweupe, na mashahidi wapo.

Unamkumbuka. Ndiye aliyepima sanduku la misumari ya inchi tatu alilobeba Baba, likasoma kilo arobaini na nane badala ya hamsini, akamwambia mbele ya wapagazi wote kwamba kilo hazina mabawa. Baba akafukuzwa kazi. Nawe shuleni wakakubandika jina la Inchi Tatu, mpaka ukaichukia shule ukaiacha. Mimi nilijifunza ufundi wa mizani, maana nyani huviziwa kwenye njia yake.

Mwezi uliopita wakaniita nitengeneze mizani za ghala lile lile. Nikakuta mizani ya springi inaning'inia ndani ya lifti ya mizigo. Kumbe hupimia humo humo, lifti ikishuka, kuokoa muda. Dada, nilitaka kucheka nikajikuta machozi yananitoka. Sisi tungamo na uzito vyote tunaviita uzito, lakini kile kitabu changu kisicho na jalada kinavitenga. Tungamo ni kiasi cha chuma kilichomo kwenye msumari: upande, ushuke, ni kile kile. Uzito ni vile dunia inavyouvuta, na springi haijui kingine. Lifti inapoanza kushuka, sakafu inakukimbia miguuni, springi inalegea, mshale unadanganya. Lifti ikishika mwendo mshale hurudi, lakini nani ana subira? Sanduku la hamsini husoma arobaini na nane. Nilipiga hesabu mara tatu, ikakubali.

Basi Jumanne nikawaalika wakubwa waje kukagua kazi yangu. Msimamizi ni kilo mia kamili, na hujisifia hilo kama cheo. Nikamwomba apande kwenye mizani ya springi ya kusimamia, ndani ya lifti. Mia. Nikabonyeza kitufe cha kushuka, mshale ukaporomoka hadi tisini na sita. Nikamuuliza kwa adabu zote kilo zake nne kazificha wapi, maana kilo hazina mabawa. Mpagazi mmoja mzee akadakia kwamba bosi apekuliwe mifuko, na wasisahau kumvua viatu. Walicheka hata wale wenye tai. Hapo ndipo nikawasimulia kisa cha Baba, taratibu, neno kwa neno, huku mtu wangu akitota jasho, hata asikumbuke siku ile alipimia wapi. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba alimsingizia mzee wa watu, akatia sahihi. Ijumaa wakamwondoa kazini. Sikumhurumia hata chembe. Nililala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Sasa lililonishikisha kalamu. Karatasi ile nilimpelekea Baba. Akaisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaniuliza ni lifti ipi hiyo. Nikamweleza. Akasema enzi zake lifti haikuwepo, mizigo ilipandishwa kwa ngazi, mgongoni. Sanduku lake lilipimwa sakafuni, kwa mizani ya mawe, ile ya sahani mbili. Na mizani ya mawe, Dada, hulinganisha tungamo kwa tungamo. Haidanganyiki hata ukiipeleka mwezini. Nikamuuliza sasa kilo mbili zilikwenda wapi. Baba akatazama juu, paani.

Msimamizi sijamwambia, wala sina nia. Aliyekuita wewe mtoto wa mwizi ni yeye, na watoto wengine walijifunzia kwake.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba anawakumbuka. Paa la chumba tulichokuwa tukilala mimi nawe limepigiliwa misumari ya inchi tatu, kilo mbili kamili.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Mizani