Sajenti wa Upande wa Pili wa Mabati

Jumatatu, 3 Machi

Maziwa yamebaki tena. Nimeyachemsha na kuyarudisha kwenye mtungi. Hapa kambini wake wa polisi wote walikuwa wateja wangu. Sasa wanapita mlangoni wakitazama buti za waume zao zilizoanikwa uani, utadhani hawajawahi kuziona. Aliyeanza ni Mama Cheptoo. Nyumba yake na yangu ni moja, imekatwa katikati kwa mabati. Akiishiwa chumvi alikuwa anagonga mabati mara mbili, nami nampelekea. Siku hizi hagongi. Bwanake ni Sajenti, na bwanangu, Baba Kemunto, polisi wa chini yake, ameitwa kutoa ushahidi dhidi yake.

Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike mambo yalivyo, labda kichwa kitatulia. Mwezi uliopita, kwenye kizuizi cha barabarani, walisimamisha pikipiki iliyombeba Tabitha, mjane wa huko juu, na majani chai yake. Majani yalikuwa yakipata joto na kuharibika ndani ya gunia na kituo cha kupimia kilikuwa karibu kufungwa. Tabitha akapaza sauti. Sajenti akampiga rungu, mkono ukavunjika. Baba Kemunto alikuwepo. Chai huchumwa kwa mikono miwili, na wake mmoja sasa umefungwa plasta.

Zamani hili lingeisha kirahisi. Polisi akiharibu, anahamishwa, anachinjiwa mbuzi wa kwaheri, anaenda kuharibu kwingine. Sajenti mwenyewe alitufikia hivyo. Sasa kuna utaratibu mpya. Hahamishwi mtu. Sajenti amerudisha bunduki, anakaa hapa hapa mpaka asikilizwe mbele ya wananchi aliowakosea. Tulipotangaziwa kanisani tulipiga makofi, mimi wa kwanza. Sikufikiria kwamba hapa hapa ni nyuma ya kitanda changu.

Jumapili, 9 Machi

Redio ya Sajenti, upande wa pili. Tukianza kuongea, anaipunguza. Tukinyamaza, anaipandisha. Tukinong'ona kwa Kikisii, anaizima kabisa.

Kemunto nimempeleka kwa dadangu kule Kipkelion. Nimemwambia anaenda kutembea tu. Shule hazijafungwa, na mtoto si mjinga.

Jumanne, 11 Machi

Sajenti alinikuta mferejini nikichota maji. Akanibebea mtungi hadi mlangoni, anatabasamu.

"Mama Kemunto, ambia bwana yako akumbuke vizuri. Huyo mama hakujishika mwenyewe."

Akauweka chini polepole. Maji hayakumwagika hata kidogo. Nimekaa jikoni tangu hapo.

Jumatano, 12 Machi

Nimemuuliza Baba Kemunto nani alimshika. Hakukana. Yeye ndiye aliyemshika Tabitha. Aliamriwa, akashika.

Mtu ninayemfulia shati. Nilimchukia mpaka nikaisukuma sahani kando. Halafu nikamwomba asiiseme sehemu hiyo. Aseme ya Sajenti tu, sisi tubaki na kazi na nyumba. Nilijisikia nikiyasema na bado sikunyamaza. Alikuwa anapaka buti rangi, ile ile moja, tena na tena.

Upande wa pili redio ilikuwa imezimwa.

Ijumaa, 14 Machi

Ukumbi wa kanisa ulijaa kwa kesi ya Sajenti. Watu wametoka mashambani na matope miguuni. Tabitha alikaa mbele, mkono umening'inizwa kwa leso. Sajenti alinyoa ndevu vizuri.

Baba Kemunto akasimama, akaeleza ya Sajenti yote. Kisha hakuketi. Nilishika benchi. Sajenti aligeuka akanitazama mimi, si yeye.

"Na mimi ndio nilimshika," Baba Kemunto akasema.

Watu waliguna. Tabitha peke yake hakushtuka. "Hiyo ndiyo nilikuwa nangojea," alisema, akajifuta uso kwa mkono mzima.

Baba Kemunto naye sasa ana kesi ya kujibu. Bunduki ameirudisha jioni hii. Nimeona aibu kubwa, na naogopa. Lakini pia nimepumua. Sitadanganya kwamba sikupumua.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua tangu asubuhi. Wanaume wawili wamekaa chini ya upenu mmoja, kila mmoja mlangoni pake, wote wanatazama mashamba ya chai. Wote wawili hawahamishwi. Wanangoja kuamuliwa, na sisi wake tunangoja nao. Huenda nyumba hii tukaihama, huenda jela ikawapo. Sijui.

Jana nilimpelekea Tabitha maziwa. Aliyapokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Sawa.

Leo nikikata sukuma, mabati yaligongwa. Mara mbili. Nikaweka kisu chini. Nikachukua mkebe wa chumvi, nikapita mbele ya wanaume wale wawili. Mama Cheptoo alifungua, macho yamevimba kama yangu. Akachota alichohitaji. Nikarudi kumalizia mboga.