Nekesa Amemaliza Kilomita Arobaini na Mbili

Amemaliza! Baba Nekesa, msichana wako amemaliza kilomita arobaini na mbili, zote, kwa miguu yake mwenyewe, na hakuna aliyembeba!

Haya, sasa nakusalimu. Hujambo huko uliko, mume wangu? Sisi hapa Ruiru tuko salama, ila mimi sauti imeisha kwa kupiga kelele na shingo imerefuka kwa maringo.

Unakumbuka alivyokuwa akikimbia nyuma ya baiskeli yako ukitoka kazini Thika, kwa kiwanda cha magunia? Nilikuwa nakufokea, "Mpakie mtoto!" Nawe unacheka: "Mwache, huyu amemeza injini."

Basi tangu utuache, injini hiyo imezimika mara mbili, zote kwenye kilomita ya thelathini. Mara ya kwanza kosa ni langu, nakiri. Kwetu Bungoma mtu hasafiri na njaa, kwa hivyo alfajiri nilimwekea ugali wa wimbi na kuku, nikasimama mlangoni mpaka akamaliza sahani. Alitapika yote barabarani. Kocha wake akasema tumbo na miguu vilikuwa vinagombania damu, tumbo lisage kuku wangu, miguu ikimbie. Mara ya pili hakula kuku, lakini nilipomwona anakuja amelegea, nilifungua mikono: "Njoo mama, pumzika." Akaja, akakaa. Mbio zikaishia hapo. Akaapa kwamba akishindwa tena, viatu atavigawa na hatakimbia maisha yake yote.

Kocha huyo, mzee mpole, akanikalisha chini. "Mama, hapo kilomita ya thelathini sukari ambayo misuli imejiwekea akiba inakaribia kuisha. Ubongo unaogopa. Unamwambia amekufa na bado hajafa. Ubongo ni kama mama."

Nilikasirika, wewe! Lakini akanipa kazi: nisimame palepale na maji ya sukari, nimwulize swali. Akijibu vizuri na hayumbi, aende. Akichanganyikiwa, nimtoe.

Jumapili, kwenye mbio za tatu za kuishia Thika, akatokea, uso mweupe kwa chumvi ya jasho, anatembeza miguu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mama Wanjiru, jirani yetu, akalia, "Woi! Mtoto anakufa, mshike!" Nikashika kikombe kwa mikono yote miwili, isije ikamshika yenyewe.

"Baba yako alifanya kazi wapi?"

"Kwa magunia, Thika! Mama, maswali ni ya nini? Leta maji!"

"Kunywa uende! Hapa hakuna kiti!"

Aliniangalia kana kwamba mimi ni mama wa kambo. Akanywa, akaenda. Nami nikageuka nikalia kwa leso ya Mama Wanjiru.

Barabara zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo nilipofika Thika kwa pikipiki nilimkuta keshamaliza, amelala kwa nyasi anacheka peke yake. Nikadhani kichwa kimeharibika. Kocha akasema mwili ukivumilia muda mrefu hivyo hujitengenezea dawa yake ya maumivu, na furaha huja nayo. Amekuwa wa ngapi? Usiniulize. Waliomtangulia hawana mama kama mimi.

Leo anashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Lakini daktari amempima akiwa amekaa, akasema moyo wake unapiga polepole kwa sababu umepata nguvu, pigo moja linafanya kazi ya mawili. Soko zima linajua. Wasiojua bado ni wale ambao hawajanunua nyanya kwangu.

Laiti ungeniona nikimfukuza mtoto wangu. Ungecheka mpaka ukohoe. Kuna jioni bado nakutegea sikio mlangoni, sikufichi, lakini leo sina nafasi ya kulia, kuna masufuria ya kuazima.

Maana tunamfanyia Nekesa karamu: ndugu zako wanatoka Bungoma, mbuzi anatoka Gatuanyaga, Mama Wanjiru analeta mukimo wake wa viazi na mahindi ya kuponda, na kocha ndiye atakayeongoza maombi. Endelea kulala salama, lakini siku hiyo fungua jicho moja.

Mkeo anayejivuna,
Mama Nekesa

Ni Jumamosi hii, saa saba mchana. Usiseme hukualikwa.