Ndiyo ya Patrice

Jumanne, Xiaobei

Huyu Patrice nimemzaa mimi kweli?

Jumapili nyumbani, kule Bukavu, watapiga kura: Ndiyo, vijana wapelekwe vitani kwa lazima, au Hapana, waende wanaotaka wenyewe. Leo mwanangu kakaa mgahawani huku ughaibuni, mdomo umejaa fufu, anawahutubia wenzake.

"Ndiyo lazima ishinde! Nchi inavamiwa, Mama."

"Na mwanao Josué atatangulia?"

"Aa, Mama. Josué yuko hapa, ananisaidia kazi."

Yuko hapa tangu wiki iliyopita! Analala kwangu, nampikia, nampenda hata sijui niseme nini. Lakini ile barua ya mwaliko iliyompatia visa niliiomba mimi, kwa bosi wa kiwanda tunakonunua mikoba kule Shiling, ambaye hutoa moja tu kila msimu. Nilimwombea Bahati, mtoto wa marehemu binti yangu, aliyebaki Bukavu na miaka yake kumi na tisa. Patrice akaenda kuandikisha jina la mwanawe.

Nikamwambia mbele ya wote, "Hiyo 'Ndiyo' yako itampeleka vitani mtoto wa dada yako, si wako."

Kesho nakwenda Shiling. Nitakaa juu ya marobota ya yule bosi mpaka aandike barua ya pili.

Jioni nikampigia Bahati, nikamwambia avumilie, barua inakuja.

"Koko, bibi yangu, usisumbuke. Mimi mwenyewe nitapiga ndiyo. Na vitani nitakwenda."

Nikamkatia simu. Wote wana wazimu, wote!

Kisha nikampigia tena, nikamuuliza kama amekula.