Nimemwombea Mama Sala ya Chakula

Mwenzangu, uko wapi? Pokea simu basi! Haya, nakuandikia.

Mama ameingizwa chumba cha upasuaji sasa hivi. Ule moyo wake. Nesi alisimamisha kitanda mlangoni akasema, "Dakika moja tu." Mama akanishika mkono: "Niombee, mwanangu."

Mimi! Kiongozi wa maombi kanisani kwetu miaka kumi na miwili, ambaye nikishika maikrofoni mnaanza kutazama saa.

Nikafumba macho. Kichwa kitupu. Mdomo ukajiendea wenyewe: "Bwana, bariki chakula hiki na mikono iliyokiandaa..."

CHAKULA! Mtu hajala tangu jana kwa amri ya daktari! Nesi akainamia viatu vyake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama hata hakucheka. Akasema, "Hiyo umeikariri. Mwambie Mungu unachoogopa."

Nikasema, "Usimchukue." Basi. Neno moja, na makamasi juu.

"Amina," akasema. Halafu, wameshaanza kumsukuma: "Leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukiomba."

Mara ya kwanza, mwenzangu! Miaka yote ile nilikuwa nafanya nini pale mbele?

Mlango umefungwa. Niko kwenye benchi, miwani yake iko mkononi mwangu, bado ina alama za vidole vyake.

Usinitumie mstari wa Biblia. Usiniambie nitulie. Sina neno jingine zaidi ya lile moja. Popote ulipo, lishike na wewe, tuliseme wote mpaka mlango ufunguliwe.