Risasi Ulizomtumia Baba

Kaka Doyle,

Huku Kentucky hatujambo. Nyanya zimezaa mpaka nimechoka kuzipika na kuzitia kwenye chupa, na goti la Baba linamsumbua kama kawaida.

Kifurushi chake kimefika jana, nimekipokea mimi. Mtu mzima na akili zako, unamtumia mzee wa miaka themanini na mbili, tena asiyesikia vizuri, boksi zima la risasi mpya! Nilikuomba umshawishi aiuze ile bastola ya Babu. Wewe ukamsifia kwenye simu kwamba siku hizi hakuna chuma kama kile. Sasa hanipi nafasi: "Umemsikia kaka yako? Hii imelinda nyumba hii tangu sijaoa!" Imelinda nini, Doyle? Risasi zilizomo Babu alizinunua kabla mimi sijazaliwa.

Jumanne mchana nilimpelekea maharage na mkate wa mahindi. Nikabisha, nikaita, kimya. Nikafungua kwa ufunguo wangu. Alikuwa ameketi akinielekea, bastola mkononi, akafyatua. Ikalia ka, risasi haikutoka. Akafyatua tena. Ka.

Ndipo aliponitambua. "Kumbe ni wewe, binti? Si ungebisha!" Kisha akaanza kulalamika kwamba risasi zimeoza, akaniuliza zako zitafika lini.

Nimemwambia bado. Nimezificha nyuma ya chupa za nyanya. Ukituma boksi jingine, basi uje mwenyewe umpelekee chakula. Ufunguo nitakuachia.

Dada yako,
Arlene