Jogoo wa Mama Zakia

Tekla, upo? Usicheke kwanza.

Asubuhi konda wa basi la Rutamba kaniachia jogoo wa jirani yangu, Mama Zakia, maana mwenyewe alikuwa msibani Mchinga. Si unajua huku Mtanda, mzigo wa jirani unaupokea tu. Nikamfunga uani, nikamwekea maji, nikaenda sokoni.

Huku nyuma mama mkwe kaingia bila taarifa. Majid kaona jogoo kafungwa, akajua nimemnunulia mama yake. Akamchinja.

Akamchinja, Tekla. Narudi nakuta manyoya.

Nikasema basi nimpike, nitamweleza Mama Zakia akirudi. Karudi tuko mkekani tunakula. Utaachaje kumkaribisha? Kanawa, kakaa. Kala paja. Kala na shingo.

Ndipo ananiuliza, "Mzigo wangu wa Rutamba haujafika?"

Majid kainamia sahani. Mimi nikajisikia nasema, "Bado."

"Ni jogoo mwekundu, kaniletea kaka. Akifika nipikie wewe, mwanangu. Una mkono mtamu."

Sasa wewe si uko hapohapo Rutamba? Nitafutie jogoo mwekundu. Kesho apande basi la kwanza.