Mlango Niliofunga Polepole

Jumatatu, 11 Agosti

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Celestine ninayekaa naye dawati moja: mimi husoma ndani ya gari la Baba.

Nyumba hii ina watu kumi na mmoja likizo hii. Ukishika kitabu tu, unatumwa. Leta maji. Fukuza kuku. Phanice, simu yangu iko wapi? Lakini gari limeegeshwa nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai la bluu kwa sababu ya kuku. Naingia chini ya turubai, nafungua mlango wa nyuma, kisha naufunga polepole. Polepole kabisa, usisikike. Na ile taa ndogo ya juu inabaki ikiwaka! Nadhani gari linajua kuna mtu ndani. Adabu nzuri. Watu wa nyumba hii hawana.

Leo Baba alitaka kuliwasha. Jumamosi tunaenda ukweni: kaka yangu Cliff anataka kumwoa msichana wa Kikuria, binti ya Mzee Maroa wa Kehancha. Baba alishampigia huyo mzee simu, akamwambia kwa sauti ya paredi kwamba kutoka hapa Kendu Bay tutakuja "na gari letu". Gari letu! Mwaka huu limetoka nje mara mbili, moja likisukumwa.

Akazungusha ufunguo. Tik.

Akazungusha tena. Tik.

Baba akasema linapumzika.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi alikuja baba mdogo Odhiambo. Aliwahi kuwa mlinzi wa gereji huko Rongo, kwa hiyo anajua magari yote. Akamwagia betri maji ya moto. Halafu akafungua vifuniko na kutia tembe za maumivu ya kichwa, moja kila tundu. "Betri ni kama mtu, omera. Ikiumwa, inapewa dawa."

Tik.

Baba akaleta kitabu cha gari. Kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa gari lilitoka huko. Alivaa miwani, akafungua ukurasa, akasoma kwa dakika tano. "Hapa wameeleza wazi," akasema. Hakuna aliyeuliza wameeleza nini. Alikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa. Mtu hamuulizi.

Mchana akakubali kumwita Bonface, baba yake Celestine. Ndiye fundi wa pale lango la soko. Nafasi ile alipewa na kamati ya soko, na mwenyekiti wa kamati ni Baba. Kwa hiyo Bonface akiwa kwetu huvua kofia.

Alitazama betri, akaipapasa ubavuni. Imevimba. Vichwa vyake vina unga mweupe kama ukoko wa ugali. "Hii imeenda, Mwalimu."

"Anza kufungua waya wa chanya," Baba akaamuru.

"Sawa, Mwalimu." Bonface akaanza kufungua waya wa hasi.

"Umeona?" Baba akamwambia Odhiambo. "Ukimwelekeza mtu vizuri, anafanya vizuri."

Nilikuwa nimeshika sahani ya magadi na maji ya vuguvugu, basi niliona yote. Alisugua nyaya mpaka zikang'aa. Akaweka betri mpya aliyomwuzia Baba, akafunga chanya kwanza, hasi mwisho, akapaka grisi. Gari likawaka mara moja! Baba akapiga honi mara tatu ili majirani wasipate shida ya kuuliza.

Bonface akashauri liwashwe nusu saa kila baada ya siku mbili, maana betri inataka kazi. Baba akasema anajua, iko kwenye kitabu. Kisha akazima, akafunika turubai, na kuwakataza watu wote wasiliguse mpaka Jumamosi. Betri isichoke.

Watu wote. Nafikiri alimaanisha wale wakubwa.

Jumatano, 13 Agosti

Kurasa themanini na nne! Na njugu karanga za Mama mfuko mzima. Taa ya gari ni kali kuliko zamani. Betri mpya ni neema.

Waliponiita chakula nilitoka kama paka. Hakuna aliyesikia.

Ijumaa, 15 Agosti

Tik.

Baba alitaka tu kulisikiliza kabla ya safari. Alisimama pale akiwa na ufunguo mkononi, na kwa mara ya kwanza hakusema chochote kuhusu kitabu.

Odhiambo hakuchelewa. Alisema Bonface ameuza betri kuukuu iliyopakwa rangi. Eti alipokuwa mlinzi aliona mambo hayo kila siku. (Na alikuwa analinda nini?)

Bonface akaja mbio, kofia tayari mkononi. Akaweka mita yake ya kupimia umeme. "Betri ni mpya, Mwalimu. Kuna kitu kinainyonya."

"Kitu gani? Gari limelala, limefunikwa."

"Ndiyo natafuta."

"Mnyonyaji ni wewe, yawa!" Odhiambo akasema, na watu wakacheka. Bonface naye alijaribu kucheka kidogo. Hilo ndilo lililonichoma.

Baba hakucheka. Alisema atawaita wanakamati kesho asubuhi kabla ya safari. Wakiridhika kwamba ameuziwa betri mbovu, Bonface atakusanya spana zake na kuondoka langoni. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

Bonface akainama ndani ya gari, akapapasa kiti cha nyuma. Akatoka na maganda ya njugu kiganjani. Akayatazama. Akanitazama mimi, na trei yangu ya chai.

Kisha akayatia mfukoni, akabeba betri kwenda kuichaji.

Sikuelewa. Walipoondoka nilichukua kitabu cha gari. Kijapani sijui, lakini picha ni picha. Ukurasa wa tatu kutoka mwisho: mlango uliofungwa nusu. Mshale. Taa ndogo ya juu, inawaka. Mshale. Betri, imekatwa kwa mstari mwekundu.

Nilikaa chini sakafuni.

Kumbe gari halijui kama kuna mtu ndani. Linajua tu kwamba mlango haujafungwa. Nimekuwa nikiiacha ile taa ikiwaka chini ya turubai, mchana na usiku. Betri ya kwanza niliimaliza mimi. Hii pia ni mimi. Na Bonface anajua, na amenyamaza.

Nikamfuata Mama, alikuwa anapiga pasi suti ya Baba.

"Mama."

"Ehe?"

"Hakuna."

Jumamosi, 16 Agosti

Wanakamati watatu walifika saa tatu wakiwa na njaa. Sisi sote tumevaa nguo za ukweni. Cliff anatazama saa kila dakika, maskini.

Bonface akafunga betri aliyoichaji. Injini ikanguruma mara moja. Nikasema moyoni, asante Mungu, yameisha.

"Umeona!" Odhiambo akasema. "Ameogopa, ameleta nzuri. Ile mbovu ameficha."

Wanakamati wakatikisa vichwa. Ni kweli, ikiwaka ni ushahidi. Isingewaka pia ungekuwa ushahidi. Baba akamwuliza Bonface kama ana la kujitetea. Bonface akatia mkono mfukoni, mfuko ule ule wa maganda. Nikaona vidole vinatembea ndani ya kitambaa. Akautoa mtupu.

"Sina, Mwalimu."

Nikaweka trei chini. Nikapita katikati ya suti zote. Nikafungua mlango wa nyuma. Taa ikawaka. Nikaufunga vile ninavyoufunga siku zote, polepole. Nikanyoosha kidole dirishani. Taa bado inawaka.

Nikaufungua tena, nikatoa kitabu changu cha hadithi chini ya kiti, wakakiona. Kisha nikaubamiza ule mlango kwa nguvu zangu zote. Kuku wakaruka. Mwanakamati mmoja akamwaga chai.

Taa ikazimika.

Nikakimbilia jikoni, na hapa ndipo ninapoandika. Injini bado inanguruma, hakuna anayethubutu kuizima. Sasa Baba ananiita, jina langu lote, na la ubatizo, na la babu.

Bonface amesema kitu kwa sauti ya chini. Baba ameniita tena.

Nimepangusa uso, nimevaa viatu. Kitabu nimekishika mkononi, sijakificha. Natoka.